Kopo Lenye Muhuri Wetu

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Ametunishiana misuli na jirani kuhusu bomba la uani, na unajua nani alishinda.

Ulipokuja kututembelea ulisahau mezani kopo la unga wako wa mazoezi. Ulinionyesha muhuri wa maabara yetu ukacheka: "Dada, si umepima mwenyewe? Mimi nakunywa bila wasiwasi." Nilipima kweli, lakini kopo lililoletwa na kiwanda chenyewe, nalo lilikuwa safi. Lako la dukani nimelipima juzi, wenzangu walipokwenda kula. Lina dawa ya kujenga misuli, ile iliyopigwa marufuku michezoni.

Nilimpelekea mkuu wa maabara majibu. Hata miwani hakuvaa.

"Mama," akaniambia, "sisi tunapima kinacholetwa na mteja. Cha dukani hakituhusu. Na ulisaini kutunza siri, au nimesahau?"

Kisha akanipa makopo mengine ya kiwanda kilekile. Yote safi. Nimeyagonga muhuri.

Acha kuunywa unga huo kuanzia leo. Mbio za Jumamosi usikimbie, maana ukipimwa utakutwa na dawa hiyo. Nikisema hadharani nitafukuzwa, na dawa za mama zinatoka kwenye mshahara huu. Mwambie kocha mguu unauma. Akiuliza upi, chagua mmoja, uchechemee huohuo.

Wenzako kambini, uliowaambia wanywe tu kwa kuwa dada yako ndiye anayepima, sijui uwaambie nini.

Dada yako