Paluku Wawili katika Nyumba Moja

Mjukuu wangu mpendwa Kahindo,

Amani ya Bwana ikufikie huko Kisangani. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Macho yamedhoofika, ingawa kahawa yetu imechanua vizuri.

Unauliza kwa nini wajomba zako wawili wanaitwa Paluku, jina la mvulana wa kwanza. Mmoja ni yatima kutoka kijiji cha Eringeti, tuliyekabidhiwa na serikali kwa majaribio. Ukoo ulimwita Kakule, wa nne, kwa kuwa tulikuwa na wavulana watatu. Akagoma kuitika, akagoma kula. Afisa wa serikali akaja kumrudisha kituo cha yatima.

Marehemu bibi yako akasimama mlangoni. “Hapana! Mama yake alimuzaa wa kwanza.”

“Mais mama, Paluku muko naye tayari!” afisa akapinga.

“Basi watakuwa babili. Paluku, mutoto wangu, kuya tukule.”

Mtoto akaja.

Barua hii ataileta yeye mwenyewe. Nakusihi, umpokee kama mzaliwa wa kwanza.

Babu yako