Herufi za Aliyepiga Taipu

Celle, 7 Machi 2011

Mpendwa Wiebke,

Hujambo, mwanangu? Mimi mzima, goti tu ndilo lenye kiburi. Nimepata barua ya mawakili wa Hamburg: eti tarehe 14 Januari niligawa filamu ya mapigano kwenye mtandao bila ruhusa. Nilipe yuro 850 na kutia sahihi ahadi ya kutorudia. Nitatia tu yaishe, majirani wasije wakasikia.

Ila nimepiga taipu ofisini miaka thelathini, na jicho langu huanza na kumbukumbu ya barua. Yao ni Kr/wt. Herufi za mwanzo ni za wakili, za mwisho ni za karani aliyeipiga. Wewe si uko kwa mawakili huko Hamburg? Huyo wt ni wewe, Wiebke Tams?

Shangazi yako,
Irmgard

Hamburg, 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Pole na goti. Ndiyo, ni mimi. Tunatoa barua mia nne kwa siku. Mashine inajaza majina, mimi nafunga bahasha. Jina lako lilipita mikononi mwangu nisilione. Nisamehe.

Tafadhali usitie sahihi! Ahadi ile itakufunga maisha yako yote. Wala usinyamaze. Nenda ofisi ya kutetea haki za walaji kabla ya tarehe 18, siku ya mwisho waliyokupa. Januari si ulikuwa Bad Pyrmont kwa matibabu?

Barua hii ichome. Bwana Kröger, wakili ninayemfanyia kazi, akijua, sina kazi.

Bintiyo,
Wiebke

Celle, 13 Machi

Wiebke wangu,

Unakula vizuri? Ndiyo, nilikuwa Bad Pyrmont wiki tatu, na kabla ya kuondoka nilichomoa kila waya ukutani, hata wa friji. Baba yako hunicheka kwa hilo. Nilikwenda ofisi ya walaji, na cheti cha hospitali tumeshakituma kwa mawakili. Mama wa pale ofisini alisema, “Bibi, labda panya wako ndio waliotazama!”

Lakini niambie: wale wengine mia nne, wasio na mtoto wa kaka humo ndani, nani anawaandikia?

Shangazi yako

Hamburg, 30 Machi

Shangazi,

Salamu nyingi. Madai dhidi yako yamefutwa! Barua imetoka leo. Niliipiga mwenyewe, nikakosea mara mbili kwa furaha.

Swali lako halikuniacha. Jana nilimwuliza Bwana Kröger kwa nini hatuwaambii watu kwamba maneno ya ahadi yanaweza kubadilishwa kabla ya kutia sahihi. Akasema, “Bi Tams, unalipwa kufunga bahasha au kufungua watu macho?”

Nikamwambia naacha kazi mwisho wa Aprili. Ofisi ya walaji ya hapa inatafuta karani. Jumanne saa nne wananihoji. Naogopa sana. Shati nimeshalipiga pasi.

Bintiyo,
Wiebke