Shetani Aliomba Ng'ombe

Esnath usipige, nalia. Soma tu.

Nimetoka kwa Gwakisa sasa hivi, natembea na mvua. Ule mchezo wao wa kurusha dadu, kila mtu anajifanya shujaa na Gwakisa anasimulia. Leo Abeli kanibembeleza weee nicheze nao. Nikawa mganga. Yeye akawa mfugaji, ana dume lake la kwenye karatasi, kalipatia hadi jina.

Tukafika mtoni, tukamwita shetani atuvushe. Shetani ni Gwakisa, anabadilisha sauti. Akasema, "Nipeni hilo dume, niwavushe."

Dume tu, Esnath. Mimi hakunitaja.

Abeli akajibu, "Dume hapana. Mchukue mganga."

Nikajua anatania. Gwakisa mwenyewe aliacha ile sauti ya kishetani, akamuuliza, "Kaka, una hakika? Mganga si ndiye Marita?"

Abeli hata hakunitazama. "Marita mvumilivu, hana neno."

Hana neno. Mbele ya wenzake, ndizi mdomoni.

Kwa ng'ombe wa karatasi. Ng'ombe ambaye hata mavi hatoi.

Nimesimama niondoke, ananiambia, "We Marita, si mchezo tu huo."

Na Jumamosi ndugu zake wanaleta ng'ombe wa mahari kwetu Kisondela, unajua. Nimeshampigia baba. Nimemwambia wakifika awape chai, wapumzike vizuri, halafu warudi na ng'ombe wao wote. Abeli asije akamkosa hata mmoja.