Futi Iliyong'oka Ncha

Mwanangu,

Chai uliyoisusa asubuhi iko kwenye chupa. Pasi ukimaliza uichomoe. ~~Mkasi wangu usiuguse.~~ Mkasi utumie, ila usikatie karatasi.

Nilikufokea kwamba vipande vyako vya kuunga blanketi la mjukuu wangu ni vikubwa, kwamba unakata ovyo na unaharibu mashati ya marehemu baba yako. Ukaenda kazini umenuna. Basi mimi hapa nimekaa, nimesimama, nimezunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Mwisho nikailaza futi yangu juu ya rula yako. Kumbe kile kibati cha kwenye ncha kiling'oka zamani, kikaondoka na nusu inchi! Wewe umekata inchi tano kamili. Mimi nimekata nne na nusu, vipande arobaini, huku najisifu.

Sasa punguza vyako vilingane na vyangu, maana vyangu haviwezi kurefuka. Vipige pasi kwanza. Kata kadibodi moja ya inchi nne na nusu, kwa kisu, uchore kwa hiyo hiyo mpaka mwisho. Usipimie kipande kwa kipande, vitaongezeka kidogo kidogo bila wewe kujua.

Natoka kwenda kununua futi mpya. Humu ndani leo hamkaliki.

Lile shati la bluu la baba yako, la mwisho, liko chini ya mto wangu. Wiki ya pili hii nalichukua, nalikunja, nalirudisha. Likate wewe. Kwa rula yako.

Mama