Mke Mwenza Mwenye Feni

Naviundu, Lubumbashi, 4 Februari 2024

Kwa Kambo Madeleine, mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi ya mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Luano inaendelea, ni umeme tu unaotuchezea. Magoti yako je? Na mama mdogo Victorine?

Kwanza kisolo, bao letu la kwa barua. Natoa kete katika shimo langu la tatu, safu ya nyuma, nazunguka, nakula zako za pembeni. Mtu asiguse ubao.

Sasa habari. Nataka kununua kompyuta ya kubeba, ya bei ya katikati. Humo kuna michezo ya vita: unajenga mji, unalisha askari, unamtega adui. Ni kisolo chenye picha. Dukani nimeona mbili za bei moja. Ya kwanza nyembamba, inang'aa, skrini yake inapendeza. Ya pili nene, nyeusi, kama tofali, ila kumbukumbu yake ni kubwa, ina kadi yake ya picha na feni mbili. Muuzaji ananisukumia nyembamba: "Mukubwa, beba hii, bantu bote beko banaipenda." Moyo wangu pia uko huko. Wewe unasemaje?

Mume wako,
Stéphane

Pweto, 23 Februari 2024

Kwa Stéphane, bwana wangu,

Barua yako imefika na lori la samaki, nayo inanuka samaki. Ningekujibu kwa simu, lakini simu inashikwa na Victorine, naye huweka sauti kubwa. Mambo ya mume na mke hayasemwi uani. Tu wazima, isipokuwa magoti.

Kwetu mjukuu mwanaume ni bwana wa kambo yake, mama wa mzazi wake. Wengine wanalisema hilo kwa mzaha, mimi sikulichukua kwa mzaha. Nina wivu, na nausema. Wanaume wa hapa hawataki kucheza kisolo na mwanamke anayewashinda, kwa hiyo nilikuwa na wewe tu. Leo unaniletea mke mwenza, tena nikuchagulie! Haya. Chukua yenye sura mbaya. Ile nene utaichoka kabla ya Pasaka, urudi kwangu.

Umekula kete za pembeni, nimeona. Nami nimekusafishia safu ya mbele yote. Cheza.

Mke wako wa kwanza,
Madeleine

Naviundu, 17 Machi 2024

Kambo, mke wangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo. Nimenunua ile nene, na sijapata kupewa shauri zuri kama hilo! Rafiki yangu Laurent alichukua nyembamba. Akicheza kidogo inachemka, askari wanaganda, anaifunga kwa hasira. Yangu feni zinanguruma kama lori mlimani, lakini jeshi zima linatembea bila kukwama, na umeme ukikatika betri inanivusha. Kila jioni tuko vitani, mimi, Laurent na Cathy.

Pasaka sitakuja, tuna mashindano. Kisolo kinisubiri kidogo, sijaangalia ubao. Nimempa Ngosa, dereva wa lori la samaki, sukari yako.

Mume wako,
Stéphane

Pweto, 9 Aprili 2024

Bwana wangu,

Asante kwa sukari. Habari za magoti usiniulize.

Nimejiroga mwenyewe! Nilitaka kukupa mwenye sura mbaya, kumbe nimekupa asiyechoka. Na Cathy ni nani? Huyo wa chuma ningemvumilia, lakini sasa wamekuwa wawili. Mimi nimebaki na ubao, nafukuza kuku wasipite juu ya kete zako. Zamu ni yako. Sogeza hata kete moja nijue uko.

Mke wako,
Madeleine

Pweto, 30 Mei 2024

Bwana wangu,

Salamu. Lori limekuja tena bila barua. Nilimuuliza Ngosa: "Bwana yangu iko mugonjwa?" Akajibu: "Hapana, mama, iko muzima, iko naangalia mashini yake tu." Nilikuwa nimetumaini kwamba unaumwa kidogo. Mungu anisamehe.

Zamu bado ni yako.

Madeleine

Pweto, 21 Julai 2024

Kwa Stéphane,

Habari za siku nyingi. Nakujulisha kwamba mchezo wetu nimeuvunja, kete nimezipanga upya. Kuna jirani mpya, baba Rigobert, mstaafu wa reli. Alinikuta nacheza peke yangu, huku na huku, akaniuliza: "Mama, nani iko nashinda?" Kisha akavuta kiti. Anakuja kila siku baada ya misa.

Magoti yana nafuu.

Madeleine

Naviundu, 2 Agosti 2024

Kambo, mke wangu,

Salamu, mbio mbio. Huyo Rigobert anatafuta nini? Kila siku, kwake hakuna viti? Anakula hapo? Victorine anamtazama tu? Na ule mchezo ulikuwa wetu, uliuvunjaje bila kuniuliza? Najua ilikuwa zamu yangu. Ningecheza, nilikuwa na shughuli.

Jana Cathy alinipiga vibaya, akauchoma mji wangu wote, kwa sababu nilikuwa namwaza huyo mzee akitia vidole vyake katika mashimo yangu. Ndiyo, ni wivu, tena unawasha. Nijibu neno moja tu: ananishinda?

Krismasi nakuja. Niwekee nafasi yangu.

Mume wako,
Stéphane

Pweto, 18 Agosti 2024

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu. Sisi sote wazima, na Victorine anakusalimia.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena mlango umefungwa. Sikufichi, kuonewa wivu ni kutamu. Hapana, Rigobert hakushindi. Anafikiri polepole, anaiba kete akidhani sioni, na akishindwa ananuna mpaka chai yake inapoa. Wewe ni fundi kuliko yeye. Ila zamu yake ikifika, anacheza.

Kuja Krismasi, karibu sana, samaki watakuwepo. Utatungoja tumalize, kisha utacheza na atakayeshindwa.

Kambo yako,
Madeleine