Kinundu cha Bosko

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwogesha Bosko dawa ya kupe kama kila Jumamosi. Anaichukia. Husimama mkia kati ya miguu kama mtu aliyeitwa na chifu. Leo vidole vimegonga kitu kwenye paja lake la nyuma. Nikadhani kupe, nikakivuta. Akalia. Si kupe. Ni kinundu, kadiri ya punje ya njugu, chekundu kidogo, hakina manyoya. Kina joto.

Baadaye nimeanua nguo. Shati la mume wangu, Baba Auma, la kuhubiria kesho bado halijapigwa pasi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwonyesha Baba Auma kile kinundu. Amekitazama akiwa amesimama. Ati mbwa huota vitu, kitaanguka chenyewe. Kisha akapanda boda kwenda Magunga kumwombea mzee fulani ambaye haamki. Siku hizi wanamwita kutoka mbali. Kanisa letu ni mabati na mabenchi tu, hapa Kosele, lakini mchungaji wake ana jina.

Bosko amelala mlangoni siku nzima akijilamba paja.

Alhamisi, 12 Juni

Kimekua. Sasa ni kama kokwa la zambarau.

Auma amepiga simu kutoka Migori. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko. Ndiye aliyemleta Bosko hapa ndani ya katoni, akiwa mdogo wa kutoshea kwenye sufuria ya ugali. Amenifokea. "Mama, mpeleke kwa daktari wa mifugo Oyugis. Kesho, si wiki ijayo."

Nimemwambia Baba Auma. Akasema, "Watu watasema nini? Pasta anaombea watu wanapona, halafu mbwa wake anapelekwa sindano."

Nikasema, "Basi muombee."

Akacheka. "Mafuta ya upako ni ya watu, Nyar Migori." Huniita hivyo, binti wa Migori, akitaka kunituliza.

Sikucheka. Tangu tuoane sijamwomba maombi yoyote yangu mwenyewe. Hata nilipotoka damu baada ya kumzaa Auma na ikawa basi kuzaa, sikumwomba. Nimeomba hili moja.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechukua mafuta ya kanisa kabatini. Sikuomba ruhusa. Nimemwita Bosko jikoni, nikafunga mlango, nikampaka. Nikaomba. Niliona haya, mimi mtu mzima nimepiga magoti kwenye majivu na mbwa ananilamba sikio. Nikaomba tena hata hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempaka tena. Baba Auma yuko Magunga.

Jumanne, 17 Juni

Kimepungua!

Nimekishika mara nyingi kuhakikisha. Ni kidogo kuliko siku ile nilipokiona. Wekundu umekwisha. Bosko amekimbiza kuku wa jirani hadi barabarani, nikamtukana huku nacheka.

Ero kamano, Nyasaye. Asante, Mungu. Sijui niandike nini kingine.

Jumapili, 22 Juni

Nimetoa ushuhuda. Sikupanga. Baba Auma aliuliza nani Mungu amemtendea wiki hii, nikajikuta nimesimama. Nikasema yote: kinundu, mafuta, jikoni. Kwanza walicheka. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na kanisa zima likainuka. Waliimba mpaka vumbi likapanda.

Baba Auma hakunitazama. Nilifikiri amekasirika kwa ajili ya mafuta. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwa Bosko, akachuchumaa na suti yake, akalipapasa lile paja. Akakaa pale muda mrefu.

"Ni kweli," akasema.

Uso wake ulikuwa kama wa kijana. Nimefurahi leo kuliko siku ya harusi.

Jumatatu, 23 Juni

Akinyi amekuja. Ni yule anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, hukaa benchi la nyuma kanisani. Amemleta binti yake Lavine, wa darasa la kwanza. Shavu moja la mtoto limevimba, taya limesukumwa upande. Meno ya upande huo yanalegea. Zahanati wamemwambia ampeleke hospitali kubwa ya Homa Bay bila kuchelewa.

Akinyi alipiga magoti sakafuni kwangu. "Mama Pasta, mpake na huyu. Kwa mikono yako. Ile ile."

Nikampaka. Mtoto alinukia mafuta ya nazi na usingizi. Taya lilikuwa gumu kama jiwe. Niliomba kwa sauti, nikaamini kila neno.

Sikumwambia asiende Homa Bay. Wala sikumuuliza ataenda lini.

Jumapili, 29 Juni

Kanisa limejaa, wengine wamesimama nje. Baba Auma amehubiri juu ya Bosko. Akasema, kama Mungu amemhurumia mbwa, wewe ni nani usihurumiwe? Watu walilia. Walikuwepo wagonjwa ambao sijawahi kuwaona, mmoja amebebwa kwenye toroli.

Akinyi alikuwa mbele safari hii, na Lavine mapajani. Shavu naliona ni lile lile. Labda kubwa zaidi. Nikaangalia pembeni.

Jumatano, 2 Julai

Kimerudi.

Asubuhi nilipeleka mkono pale kwa mazoea tu. Yai. Yai zima la kuku. Ngozi imevutika mpaka inang'aa, na katikati imepasuka, inatoa maji. Kinena nacho kina uvimbe mwingine. Bosko ametapika mara mbili. Hataki hata utumbo wa samaki.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwambia Baba Auma naenda Oyugis kununua dawa ya kuku. Nimemfunga Bosko kwenye leso kifuani, tukapanda boda. Alinyamaza njia nzima. Hajawahi kunyamaza kwenye boda.

Daktari wa mifugo ni dada mmoja mpole mwenye miwani, yuko nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alichoma sindano kwenye kinundu, akavuta maji kidogo, akatazama kwenye hadubini. Akabonyeza kinena. Akavua miwani. Nikajua.

Ni saratani. Imeshatembea. Kukata hakutasaidia tena.

Nikamwambia, "Lakini kilipungua. Karibu kiishe kabisa."

Akasema, "Ndiyo, mama. Aina hii hufanya hivyo. Inavimba, inanywea, inavimba tena. Ndiyo inadanganya watu wengi, wanachelewa kuja."

Nikamuuliza kama kuna kitu kingeweza kukifanya kinywee. Mafuta, labda. Akaniangalia kwa huruma, akadhani nazungumzia dawa ya kienyeji. "Hapana, mama. Ndivyo kilivyo."

Ametoa vidonge vya maumivu. Akasema Bosko akishindwa kusimama nimpigie yeye, atakuja nyumbani.

Nimerudi. Nimepika. Nimepakua. Sijala.

Jioni. Nafikiria taya la yule mtoto. Sifikirii kitu kingine.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemwambia Baba Auma kila kitu. Alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini polepole.

Nikasema lazima tuwaambie watu. Lazima Akinyi aambiwe leo.

Akasema, "Tulia kwanza. Tufunge, tuombe."

Nikasema hajanielewa. Hakukuwa na muujiza. Kilipungua kwa sababu ndivyo kilivyo.

Tuligombana kama ambavyo hatujawahi. Nikamwambia amejipatia sifa kwa mbwa wangu. Akasimama. "Nani alisimama kanisani? Mimi nilikutuma? Mimi nimeombea watu miaka yote hii, sijawahi kuona kitu kwa macho yangu, kwa mkono wangu, mpaka siku ile nilipomshika huyu mbwa. Nilikuamini wewe!"

Sijawahi kujua kwamba hakuwahi kuona.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukisimama useme kimerudi, wale wote watarudi na magonjwa yao nyumbani. Kila mmoja na lake."

Amelala kanisani, juu ya benchi. Mimi nimelala jikoni na Bosko.

Nawakumbuka walioombewa zamani. Yule mama wa mguu. Yule mzee wa macho. Wote niliwaona wakisimama, wakashuhudia, nikapiga makofi. Sijawahi hata mara moja kwenda kwao mwezi uliofuata kuuliza wako vipi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeenda kwa Akinyi. Alikuwa anaanika omena. Lavine amekaa kivulini akisukuma jino kwa ulimi, linacheza. Jicho la upande ule limeanza kutoka nje.

Nilimwambia wazi. Kinundu kimerudi. Bosko atakufa. Mafuta hayakufanya kitu. Mpeleke mtoto Homa Bay.

Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. "Mama Pasta. Kwani mtoto wangu ni mbwa?"

Nikasema sivyo nilivyomaanisha.

"Ulisema mwenyewe mbele ya watu. Umempaka mwenyewe. Sasa mbwa wako ameshindwa, unakuja kuniondolea na imani yangu? Au mnanipima?"

Nilimshika mkono. Akaunyakua. Alimbeba mtoto ndani, akafunga mlango. Nilisimama nje na zile omena mpaka jirani akaanza kunichungulia.

Najichukia. Hakuna neno lingine.

Jumapili, 6 Julai

Nimesimama tena. Safari hii hakuna aliyeniita. Baba Auma alikuwa katikati ya tangazo la harambee ya mabati. Aliniona nikiinuka, akatikisa kichwa kidogo sana, kunisihi. Nikaenda mbele.

Nikasema, "Nilishuhudia hapa kwamba mbwa wetu amepona. Hakupona. Ni saratani, daktari ameiona. Mimi ndiye niliyekosea. Aliye na mgonjwa na ameambiwa hospitali, aende hospitali. Asingoje."

Mtu mmoja akasema shetani huyo. Mwingine akasema mke wa pasta amechanganyikiwa. Mama mmoja ambaye simjui, aliyekuwa na bandeji mguuni, aliinamisha kichwa tu. Huyo ndiye simsahau.

Akinyi alinyanyuka. Akamfunga Lavine mgongoni, akatoka bila kumtazama mtu.

Baba Auma alisimama pale na Biblia imefunguka mikononi. Akafunga ibada bila sadaka.

Jumatatu, 7 Julai

Nimemwona Akinyi alfajiri pale kituoni, mtoto kwenye leso, begi miguuni. Nikakaa naye. Hakunifukuza. Gari la Homa Bay lilipokuja nikamshikia begi, nikapanda. Akasema tu, "Sogea kidogo, miguu yake iko hapo."

Hospitalini tumengoja sana. Daktari alipomgusa mtoto taya akauliza uvimbe ulianza lini, na kwa nini wamekuja leo. Akinyi akatazama sakafu. Nikasema ni mimi. Daktari hakuelewa, akaendelea kuandika.

Amelazwa. Wamesema ugonjwa huu wa taya unawapata watoto wengi wa upande huu wa ziwa, na una dawa, lakini unakimbia. Siku zina maana. Hawakusema zaidi. Nilitaka mtu anifokee. Hakuna aliyenifokea.

Ijumaa, 11 Julai

Bosko hakusimama asubuhi. Alijaribu kwa miguu ya mbele, akaniangalia kama aliyenikosea. Nikampigia yule dada wa Oyugis.

Amekuja mchana. Nilimshika Bosko kichwa akichomwa sindano ya mwisho. Ilikuwa haraka, haraka mno. Bado alikuwa na joto na mimi bado naongea naye.

Baba Auma alitoka nyumbani na jembe. Hatujazungumza tangu Jumapili. Alichimba nyuma ya choo, mahali pagumu, mpaka shati likalowa. Nikafikiri ataomba. Hakuomba. Alimshusha mwenyewe kwa mikono, akarudisha udongo, akaukanyaga taratibu kuzunguka, kama mtu anayeogopa kumuumiza.

Auma amelia kwenye simu. Nilimsikiliza. Mimi sikuweza.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Baba Auma alienda. Walikuwa wachache, akasema. Mabenchi ya nyuma matupu.

Hakuna mwito kutoka Magunga wala popote.

Jumatano, 16 Julai

Naamka, sijui nifanye nini na mikono. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena. Najaribu kuomba: maneno yanafika mdomoni yanakaa hapo. Naona kama nazungumza na mlango wa Akinyi.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeng'oa njugu shamba la chini, sisi wawili. Udongo mkavu, unatoka vipande.

Akinyi amepiga simu adhuhuri. Dawa ya kwanza iliingia siku ya pili tu ya kulazwa. Mtoto ametapika, nywele zinabaki kwenye mto. Uvimbe, anadhani umelainika kidogo, hana hakika. Daktari naye amesema ni mapema, asihesabu. Nikamwambia, "Usihesabu." Akasema, "Najua." Hakukata simu haraka. Nikasikia Lavine akiitisha maji.

Nimemweleza Baba Auma. Alikuwa amekaa kwenye mtaro, anachambua njugu moja moja kutoka kwenye mizizi. Akauliza wadi gani. Akauliza kama Akinyi ana mahali pa kulala. Akasema Jumatatu atakwenda, kuwapelekea unga na blanketi. Nikamuuliza kama atabeba mafuta.

"Hapana," akasema.

Tumerudi, tumenawa. Nimepakua ugali na mboga. Akainamisha kichwa kuombea chakula kama kawaida. Akaanza. Akanyamaza katikati. Nikangoja, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua alikuwa ananitazama.

Tukala.