Mkate wa Rozi

Ruanda, Mbozi
6 Januari 1999

Kwa dada yangu mpendwa Tusekile,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote hapo Mbebe. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hii? Mwambie asilime kwenye mvua, ingawa najua hatasikia. Mimi ni mzima wa kula na kutembea. Emanueli naye mzima. Nimemtaja Emanueli peke yake, lakini usishtuke, Rozi hajafa. Nitafika huko.

Unakumbuka tulipomzika mume wangu Boazi mwezi wa nane, wazee wa ukoo wake walisema habari za watoto zitaongelewa Krismasi, ndugu wa mbali wakiwa wamerudi. Tangu siku ile usingizi ulinipaa. Watoto sikuwazaa mimi, kila mtu anajua. Mama yao alifariki akimzaa Emanueli, nami nilipoolewa nilimkuta bado wa kubebwa mgongoni. Lakini hao watoto hawana mama mwingine, na mimi sina watoto wengine. Huku mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na mjane ni mgeni tu. Nikajiambia, Ruti wewe, mbele ya wazee utaropoka, mdomo wako unaujua. Acha waone kwa macho yao jinsi watoto wanavyolelewa.

Basi shule zilipofungwa tukaanza kazi. Kahawa ya msimu huu wanunuzi wa Mlowo waliichukua kwa bei ya kututukana, kwa hiyo mapambo ya dukani sikuyafikiria. Tuliokota. Zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara tukakata nyota. Magazeti ya zamani tukayagandisha kwa uji, yakawa mnyororo wa kuzunguka sebule. Vifuniko vya soda tukavitoboa kwa msumari, tukavitunga mlangoni, mtu akiingia vinalia. Emanueli akatengeneza lori la kopo la mafuta ya kula, magurudumu ameyakata kwenye kandambili yangu iliyokatika, na akawa analala nalo. Nyumba ya msiba ikachangamka kidogo. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Rozi yeye alitaka kuoka. Nikamfundisha ule mkate wa ndizi wa mama: ndizi zilizoiva mpaka ganda jeusi, unga wa mahindi, ngano kidogo, hamira, jani la mgomba chini ya sufuria. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Wa kwanza tuliuunguza. Wa pili ulikuwa mbichi katikati, Emanueli akaula hivyo hivyo. Kufika Krismasi, yule mtoto wa darasa la pili alikuwa anachoma kijiti kwenye mkate, anakitazama, ananiambia bado, na kweli ukiangalia bado. Nilijivuna, dada. Nilijivuna kupita kiasi.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata Krismasi. Mzee Raphaeli, mkubwa wa ukoo, aliketi kwenye kiti cha Boazi. Kaka yake Boazi, shemeji Shadrack, alikuja kutoka Tunduma. Ndiye yule mwenye mgahawa pale malori yanapolala kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mimi nilikuwa nimeshampanga Rozi: nywele zimesukwa, gauni limepigwa pasi, apige magoti, awanawishe wazee mikono, awawekee mkate na chai, aseme ameuoka mwenyewe. Akafanya yote. Wazee wakala, wakasifu, wakaomba tena. Nimesimama mlangoni moyo umejaa, najisemea, sasa watoto wa hivi nani atathubutu kuninyang'anya?

Shadrack akafuta midomo, akamshika Rozi mikono, akaigeuzageuza. Akasema, "Mikono hii inapotea bure huku shambani. Huyu nipeni mimi."

Mzee Raphaeli akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisema mtoto anasoma. Shadrack akajibu kwamba hata Tunduma shule zipo. Nikasema bado mdogo. Akacheka, akasema mdogo haoki mkate kama ule. Na shahidi wake nilimleta mwenyewe. Nilijipalia makaa. Emanueli wameniachia mpaka aweze kushika jembe, na lori lake hakuna hata aliyelitazama.

Unajua pale Tunduma palivyo. Mtoto ataamka alfajiri kukanda unga, atawapelekea chai madereva, na miaka haikawii. Nikifikiria atakapovunja ungo mahali kama pale, natamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemwomba Mungu mpaka maneno yameniishia. Siku hizi napiga magoti, nakaa tu, nainuka.

Dada, kuna neno sijamwambia mtu. Asubuhi ya kuondoka, nikimfungia nguo zake, Rozi aliniuliza taratibu, "Mama, kama ningeuunguza, wangeniacha?" Nikamwambia hapana mwanangu, wale walishaamua kabla ya kula. Nilimdanganya. Mzee Raphaeli alikwisha kuniambia jioni ya kikao, kwa wema kabisa, kwamba walikuja wamekubaliana waniachie wote wawili.

Nisalimie mama, ila usimsomee yote. Wasalimie majirani, na wote wanaoniulizia waambie nipo.

Mumeo akienda kuuza maharage Tunduma, ongozana naye, nakuomba. Ingia mgahawani kwa Shadrack kama mteja, agiza chai, umwangalie mtoto. Uniandikie kama amekonda, na mikono yake ikoje. Salamu zangu mpe akiwa peke yake. Lakini chochote utakachokula pale, hata kiwe kitamu namna gani, usimsifu mbele ya watu.

Ni mimi mdogo wako,
Ruti